Mwanya wa kayaki si mvujo: jinsi ya kuziba nafasi ndogo kati ya fito

Mlete fundi wa mashua kutoka Sahare, Tanga, aitazame kayaki yako ya fito (chombo chembamba cha kasia kilichoundwa kwa vipande virefu vya mbao) kabla haijavikwa faiba, na swali lake la kwanza litakuwa pamba iko wapi. Ana haki ya kuuliza. Chombo alichozoea kujenga kina mbao nene, na kati ya ubao na ubao hugongwa pamba iliyosokotwa na kutiwa mafuta, kwa chembeu na nyundo, kuanzia omo, yaani mbele, mpaka tezi, yaani nyuma. Kikishushwa, mbao hunywa maji zikavimba, zikaibana ile pamba, na chombo kikakaza. Siku za mwanzo kitavuja kidogo, watu watachota maji ya ngama, na hakuna atakayeshtuka.

Kayaki ya fito inakwenda kinyume na hayo yote. Fito zake zina unene wa milimita 6 na upana wa sentimita 2 hivi, zimegundishwa ubavu kwa ubavu juu ya fremu za umbo, kisha ganda zima linavikwa kitambaa cha faiba (nyuzi za kioo) kilicholoa epoksi, gundi ya majimaji inayoganda ikawa ngumu, nje na ndani. Mbao inabaki katikati, kavu, na inatakiwa ikae kavu maisha yake yote. Kazi ya kuzuia maji ni ya faiba na epoksi. Ukigonga pamba kati ya fito mbili za milimita 6 utazipasua, na ukipaka sifa (mafuta ya samaki) au deheni (chokaa iliyochanganywa na mafuta), epoksi haitashika tena mahali hapo hata usugue vipi.

Kwa hiyo mbele ya kila mwanya usijiulize kama maji yataingia. Jiulize kama epoksi itachuruzika hapo wakati unaloanisha faiba ikaacha uwazi, kama hewa itanaswa chini ya kitambaa, na kama jicho lako litavumilia kuutazama mstari ule kila ukibeba kayaki kwenda Raskazone. Kayaki ya mita 5 yenye fito 40 ina karibu mita 200 za maungio. Anayeziba kila mstari anaouona atajitwika msasa usiokwisha, uzito asiouhitaji na madoa. Mianya mingi huachwa ilivyo.

Randa kwanza

Usizibe chochote wakati ganda bado lina vipembe. Kila ufito ni bapa na fremu ni ya mviringo, ndiyo maana fito zikishalazwa huacha vipembe virefu kutoka omo hadi tezi. Chomoa pini zote za stepla zilizoshikilia fito kwenye fremu, kwangua gundi iliyoganda, kisha vikate vipembe kwa randa ndogo yenye makali ya kweli. Utaona mianya ikibadilika mbele ya macho yako. Ule uliokuwa mpana juu na mwembamba chini unapungua kadiri unavyoranda. Ule uliofumba juu na kupanuka chini hukujua hata kama upo, na sasa unafunguka. Ungejaza wa kwanza mapema, ungekuwa umemwaga epoksi bure. Wa pili ungekusubiri siku ya faiba.

Baada ya randa pitisha msasa namba 80 uliobandikwa kwenye ubao mrefu unaopinda kidogo, halafu simama. Msasa wa 120 ni wa baada ya kuziba.

Vumbi la msasa huo wa kwanza usilifagie. Ndilo rangi yako. Likusanye kwenye chupa yenye kifuniko na uandike ni la mti gani. Kama ganda ni la saiprasi kutoka Shume na umetia mstari wa mtiki wa Longuza kwa urembo, kila mti uwe na chupa yake. Vumbi la msumeno halifai, chembe zake ni kubwa mno. Linalotakiwa ni lile laini la mfuko wa mashine ya msasa, na hilo nalo ulichekeche kwa soksi ndefu ya nailoni.

Taa chini ya ganda

Ngoja giza liingie. Umeme ukikatika jioni hiyo, bora zaidi. Mpe mdogo wako taa ya simu, aingie chini ya ganda na kuisogeza taratibu kati ya fremu na fremu, wewe ukiwa juu na penseli. Kila panapotoboa mwanga weka alama nyepesi pembeni ya mwanya. Atakuwa anauliza "Bado tu, kaka?" kila baada ya hatua mbili, mwahidi soda, kwa sababu kazi hii ukiiharakisha utairudia.

Tumia penseli tu. Wino wa makapeni unabaki chini ya epoksi na hautoki tena, na epoksi ikiupita unaweza kusambaa ukawa doa.

Kuna sehemu mbili ambazo taa haisemi kweli. Ya kwanza ni mstari wa mkuku, pale fito za upande mmoja zinapokutana na za upande wa pili kwa ncha zilizokatwa mshazari. Ya pili ni omo na tezi, ambako kwa ndani kuna kipande cha mbao kinachozuia mwanga. Huko tumia kucha: pitisha ukucha kukatisha ungio, na unapokwama weka alama.

Upi uzibwe, upi uachwe

Kipimo kizuri kipo mfukoni. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, na hicho ndicho kiasi kinachotenganisha kazi ya epoksi na kazi ya mbao.

Mwanya usiopitisha mwanga wala kuingiza kadi, uache. Epoksi ya kwanza utakayopaka itauingia yenyewe. Mwanya unaopitisha mwanga lakini kadi inakataa kuingia, jaza epoksi iliyokorezwa kwa unga wa mbao. Kadi ikiingia, chonga kibanzi. Ukifika milimita 3, yaani nusu ya unene wa ufito wenyewe, acha kufikiria kuziba: kata kipande hicho cha ufito utie kingine, kwa sababu upana huo maana yake ufito haukukaa kwenye fremu au ubavu wake ulirandwa kwa pembe isiyo yake.

Angalia pia mianya yako imejikusanya wapi. Ikiwa mingi iko kwenye mpindo wa ubavuni, pale ganda linapogeuka ghafla kutoka chini kwenda juu, pembe za fito hazikufuata mpindo. Ikiwa imetawanyika kila mahali, na ulilaza fito kwenye unyevu wa masika halafu ganda likakaa wiki kadhaa kwenye upepo mkavu, mbao zimenywea tu. Katika hali hiyo ya pili usianze kuziba mpaka zitulie, la sivyo utaziba leo na mwanya mpya utafunguka kando ya ulioziba.

Kibanzi

Kibanzi cha mbao kinashinda kujaza kwa kitu chochote, na ningekitumia hata kwa mianya ambayo wengine wangeijaza epoksi. Kinapokea mwanga sawa na ufito, kinapokea epoksi sawa na ufito, na msasa unakila kwa kasi ileile.

Chukua bakio la ufito uleule, au angalau la ubao uleule. Kata ukanda mwembamba kufuata nyuzi za mbao, urefu uzidi mwanya kwa sentimita moja kila upande. Urande upande mmoja uwe mwembamba kidogo kuliko mwingine, uwe kabari ndefu. Usafishe mwanya kwa jino la msumeno mwembamba wa chuma ili kutoa gundi ya zamani, maana gundi iliyoganda hainywi gundi mpya. Paka gundi nyeupe ya mbao pande zote mbili za kibanzi, kiingize kwa kidole, kisha ugonge kwa mpini wa bisibisi. Kwa mpini tu, nyundo iache mezani. Kikikataa kuzama kitoe ukirande tena. Kabari iliyolazimishwa inafungua ungio la jirani, na hapo umetengeneza mwanya wa pili kwa kuziba wa kwanza.

Kibanzi kibaki kimesimama juu ya ganda milimita moja au mbili. Gundi iliyochuruzika ifute mara moja kwa kitambaa chenye maji. Kesho yake kikate kwa patasi kali, ukianzia mwisho ambao nyuzi zinapanda, kisha randa. Ukikikata kwa kufuata nyuzi zinazozama, patasi itazifuata hadi chini ya uso wa ganda na utakuwa na shimo.

Kama unatia kibanzi kando ya mtiki, ufute mtiki kwa asetoni kwanza na utie gundi asetoni ikishakauka. Mti huo una mafuta yake ya asili, na gundi huteleza juu yake.

Epoksi na unga wa mbao

Kwenye warsha za samani njia ya haraka ni gundi nyeupe na vumbi, unapaka kwa kidole, unapiga msasa, kwisha. Kwa kabati sina ugomvi nayo. Kwa kayaki inayobaki na rangi ya mbao ni balaa. Gundi nyeupe inaingia kwenye vinyweleo vya mbao pembeni ya mwanya na kuviziba. Siku ya epoksi mbao yote inakoza rangi, na pale ulipopaka kidole panabaki baka lililopauka. Puti ya magari nayo iache kwenye magari. Ni ya poliesta, ina rangi yake, na haishiki mbao wala haivumilii unyevu kwa kiwango cha epoksi.

Epoksi ina vitu viwili, rezini na hadina, na uwiano wake ni ule uliochapishwa kwenye kopo. Ziko za 2 kwa 1, za 3 kwa 1, za 5 kwa 1, na baadhi hupimwa kwa uzito wala si kwa ujazo. Waliozoea poliesta huongeza hadina ili ikauke haraka. Kwenye poliesta hadina ni kichocheo, kwa hiyo mchezo huo una nafasi. Kwenye epoksi hadina ni sehemu ya gundi yenyewe. Ikizidi au ikipungua, mchanganyiko unabaki laini, na hutaweza kuufanya chochote isipokuwa kuukwangua. Nunua mabomba ya sindano duka la dawa, moja la rezini, moja la hadina, uyatie alama yasibadilishane.

Changanya kidogo, mililita 30 kwa mara moja zinatosha kwa mianya mingi kuliko unavyodhani. Koroga dakika mbili, ukikwangua pande na kitako cha kikombe. Ndipo utie unga, kidogo kidogo, mpaka mchanganyiko uwe mzito kama siagi ya karanga na usidondoke ukiinua kijiti. Unga wa mbao peke yake huacha chembechembe na huteremka kidogo kwenye ukuta wa ganda. Kijiko kimoja cha silika laini ya kukorezea epoksi kwa vijiko vinne vya unga kinauweka imara na kuulainisha. Silika ni nyeupe, ikizidi mstari unapauka. Pia ni nyepesi, inapaa ukifungua mfuko tu, kwa hiyo vaa barakoa kabla ya kufungua.

Sasa rangi, ambayo ndiyo huwatesa watu. Epoksi inautia unga giza kuliko inavyoitia mbao yenyewe. Unga wa saiprasi uliokuwa wa manjano hafifu chupani unatoka kahawia mwanyani. Usiamini mchanganyiko ukiwa kikombeni. Chukua bakio mbili za fito, zigundishe ukiacha mwanya wa makusudi, jaza mchanganyiko wa aina mbili tatu tofauti, ngoja vigande, piga msasa, kisha futa kwa spiriti. Kwa nusu dakika hivi kabla spiriti haijapaa utaona rangi karibu na ile itakayokuja chini ya faiba. Ukikosa kulinganisha sawasawa, chagua uliokoza. Mstari wa giza kidogo jicho huuchukulia kuwa ni ungio la kawaida. Mstari mweupe kwenye mbao ya kahawia utauona kutoka ng'ambo ya barabara. Kama unga wako unakoza mno, upunguze makali kwa unga wa mti mweupe zaidi, msonobari kwa mfano, badala ya kuongeza silika.

Saa ya kufanyia kazi

Kwa Tanga jambo hili lina uzito kuliko aina ya epoksi. Mbao imejaa hewa. Kuanzia asubuhi joto likipanda, hewa hiyo inatanuka na kutafuta njia, na njia rahisi ni kupitia epoksi laini uliyoitia saa tatu. Matokeo ni vitundu vidogo kwenye kila mstari. Alasiri mambo yanageuka: mbao inapoa, hewa inajivuta ndani, na epoksi inavutwa pamoja nayo.

Kwa hiyo ziba kati ya saa tisa na saa kumi na moja alasiri, ganda likiwa kivulini tangu asubuhi. Ganda lililotoka juani dakika chache zilizopita halihesabiki kuwa liko kivulini. Usisogeze kazi mpaka usiku ukidhani ubaridi umezidi kuwa mzuri, hasa kipindi cha masika. Unyevu wa usiku ukiikuta epoksi ambayo haijaganda, huacha juu yake utando wenye utelezi, na chochote utakachopaka juu ya utando huo kitabanduka.

Joto linafupisha pia muda wa kikombe, yaani muda ambao epoksi inakaa kikombeni kabla ya kuganda. Dakika zilizoandikwa kwenye kopo ni za nyuzi joto fulani, mara nyingi 20 au 25, na kila nyuzi 10 zinazoongezeka hula karibu nusu ya muda huo. Chini ya bati saa nane mchana unaweza kujikuta na kikombe kinachofuka moshi mkononi. Epoksi inapoganda inazalisha joto lake, na ikiwa imekusanyika kikombeni joto halina pa kwenda. Imwage kwenye kisahani kipana mara ukimaliza kukoroga. Kama kuna hadina ya polepole, nunua hiyo.

Kujaza

Piga brashi kavu mwanyani, kisha vuta vumbi kwa mashine kama unayo. Bandika tepu ya karatasi ya wapaka rangi pande zote mbili za mwanya, milimita moja kutoka ukingoni. Ingiza mkono chini ya ganda kati ya fremu na ubandike tepu nyingine kwa ndani, moja kwa moja chini ya mwanya. Hiyo ya ndani wengi huiruka. Bila yake epoksi itatoka upande wa pili ikagande kuwa matone magumu, na siku ya kukwangua ndani utayatukana. Mwanya unaoangukia juu ya fremu hauwezi kuubandika tepu kwa ndani. Hapo unategemea kwamba makali ya fremu uliyavika tepu ya nailoni kabla ya kulaza ufito wa kwanza. Kama hukuyavika, jaza kwa mchanganyiko mzito zaidi na usisukume hadi chini.

Kwanza paka kuta za mwanya epoksi tupu isiyo na unga, kwa brashi ndogo au kijiti. Mbao kavu ina kiu, na ukiipa mchanganyiko mzito moja kwa moja itanyonya epoksi na kuuacha unga bila gundi. Subiri dakika tano. Ndipo uujaze. Kwa mianya mirefu chukua bomba la sindano la mililita 10 bila sindano yake, kata ncha ya bomba iwe pana kidogo, lijaze mchanganyiko na usukume huku ukivuta mkono taratibu. Kwa mifupi kadi ya plastiki inatosha. Pitisha kadi kwanza kukatisha mwanya ili mchanganyiko uzame, kisha kufuata mwanya ili usawazike. Acha mgongo mdogo juu, maana utazama kidogo.

Ondoa tepu ya nje wakati epoksi haijaganda. Ikigandia na tepu utaikwangua karatasi hiyo nyuzi kwa nyuzi.

Vaa glavu muda wote. Ikikugusa ngozi, ifute kwa siki halafu uoshe kwa sabuni na maji. Thina huisukuma epoksi ndani ya ngozi, na wapo watu ambao mwili wao umeikataa epoksi moja kwa moja kwa sababu ya mazoea hayo.

Kusawazisha

Siku inayofuata osha kwanza, kwa maji safi na kitambaa kigumu, halafu ukaushe. Ukipiga msasa juu ya ule utando wa utelezi utausambaza kwenye mbao nzima.

Epoksi ni ngumu kuliko saiprasi na msonobari. Ukishika msasa kwa vidole na kusugua juu ya mstari, mbao za pembeni zitaliwa na mstari utabaki umesimama, na ukiendelea kuufukuza utachimba bonde kila upande. Ganda likishang'aa kwa vanishi, mabonde hayo yanaonekana yote. Kata mgongo wa epoksi kwa bamba la chuma la kukwangulia, lililonolewa, ukilivuta kwa kulilaza kidogo kufuata urefu wa mstari, mpaka likaribie kugusa mbao. Baada ya hapo ndipo ubao mrefu wa msasa, 80 kidogo, kisha 120, mikono miwili, kwa mshazari kutoka upande huu na upande ule.

Ukimaliza futa ganda zima kwa spiriti. Inaonyesha mabaka ya gundi yaliyojificha, mikwaruzo ya msasa iliyokatisha nyuzi, na mianya uliyoruka.

Matundu ya pini na vibonyeo

Haya hayahitaji epoksi. Kibonyeo ni nyuzi zilizolazwa, na maji yanaziinua: weka kitambaa chenye unyevu juu yake, gusa kwa pasi ya moto sekunde chache, rudia ikibidi. Tundu la pini litapungua kwa njia hiyohiyo, ingawa halitafumba lote. Mengine yaache. Mstari wa matundu madogo yaliyopangika sawa kila fremu haumchukizi mtu, na ukiyajaza rangi isiyolingana utayapigia chapuo. Mbao iliyoloweshwa ikauke siku nzima kabla ya epoksi yoyote.

Koti la kwanza

Kabla ya kulaza faiba, paka ganda zima epoksi tupu na uikwangue kwa kadi pana mpaka ibaki nyembamba. Kaa nayo kwa nusu saa, taa mkononi. Mwanya ulioukosa utajitaja wenyewe: mahali pale epoksi inazama, panakuwa pakavu, unapaka, panakauka tena. Pape mchanganyiko wa unga palepale wakati koti bado bichi. Likishaganda, lioshe, lipige msasa kidogo, ndipo kitambaa kije, cha gramu 136 au 200 kwa mita ya mraba.

Upande wa ndani

Ganda likishatolewa kwenye fremu, mianya ya ndani inataka fikra tofauti. Uzuri wake ataujua aliyechuchumaa akachungulia kupitia tundu la kukalia, kwa hiyo rangi usiisumbukie. Kinachosumbua ni kwamba ndani ni mbonyeo, na kitambaa kinapenda kuruka juu ya kila shimo badala ya kuzama ndani yake, kikaacha hewa chini. Huku ziba hata ile mianya ambayo kwa nje ungeiacha, na uongeze silika ili mchanganyiko usiteremke. Kata kadi yako ya plastiki mviringo wa kulingana na ganda na uitumie kusawazisha. Omoni na tezini, ambako mkono hauingii vizuri, jaza kona kwa mchanganyiko mzito uifanye iwe ya mviringo. Faiba haipindi kwenye kona kali.

Ukiugundua baada ya faiba

Inatokea. Epoksi imeganda, vanishi bado, na kwenye mstari wa mkuku kuna baka la kijivu urefu wa kidole. Gonga kwa ukingo wa sarafu: pakilia pakavu tofauti na jirani zake, chini kuna uwazi. Usikate kitambaa. Toboa matundu mawili kwa keekee ya milimita 2, moja kila mwisho wa baka, yavuke faiba tu yaishie mwanyani. Laza kayaki ili tundu moja liwe chini na lingine juu. Sukuma epoksi tupu kwa bomba la sindano kupitia tundu la chini, polepole, mpaka itokeze kwenye la juu bila mapovu. Ziba yote mawili kwa tepu, la chini kwanza. Fanya hivyo alasiri, kwa sababu ileile ya hewa. Epoksi ikishaganda toa tepu, kata vinundu viwili vilivyobaki kwa bamba la kukwangulia, piga msasa 120 eneo hilo tu bila kufikia nyuzi za kitambaa, na ulipake epoksi mara moja kabla ya vanishi.